Vidole Vinne na Nusu

Mtaani walimwita Soksi, na wala hakuona haya. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye ulimi ambao ukikuchana hakuna uzi wa kukushona. Jina lilitokana na bunduki. Tangu mumewe akiwa hai, kila alipofunga kazi ya wiki, alivaa soksi za mume mikononi, akafungua kabati, akaitoa bunduki kuukuu ya marehemu na kuifuta taratibu.

Mumewe alikuwa askari wa wanyamapori, na bunduki ile aliachiwa na baba yake. Ndiye aliyemfundisha mkewe kuitunza. Jasho la mkono lina chumvi, alimwambia, na chumvi ikikigusa chuma, kutu haibishi hodi. Kwa hiyo soksi. Kisha kitambaa cha pamba na tone la mafuta ya cherehani, tone tu, si kuimwagia kama unakaanga. Inasimamishwa mdomo chini ili mafuta yasiteremke yakaozesha mti wa kitako. Pembeni yake kulikaa vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinyonye unyevu. Mkoba wa ngozi wa bunduki ulitundikwa peke yake msumarini, mtupu.

Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji akaja. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, seremala, kidole chake cha shahada msumeno ulikimega nusu zamani, na kiburi haukukigusa.

"Bunduki ni ya ukoo," alisema. "Wewe ni wa kuja."

Ndugu wakaafiki, kibali cha silaha kikahamia jina la shemeji. Mbele ya wote akaikamata bunduki kwenye mtutu, mkono mtupu unaochuruzika jasho, akainyanyua juu kama kombe la mpira.

"Shemeji, ifute kabla hujaiweka," Soksi alimwambia. "Na usiilaze ndani ya mkoba. Ngozi inakunywa maji."

"Baba aliibeba kwenye mkoba huu."

"Aliibeba. Hakuilaza."

"Kavae soksi zako huko," shemeji akajibu, na ndugu wakacheka. Akaitumbukiza mkobani, akafunga mikanda, akaenda nayo. Sikio la kufa halisikii dawa. Soksi alibaki mlangoni, na tangu siku ile alimchukia mtu yule.

Mwaka ukapita. Ukafika wakati wa ukaguzi, na sheria ya kituo cha polisi ilijulikana: silaha iliyooza hairudi nyumbani, inakwenda kuyeyushwa. Soksi alifuatana na mama mkwe, bibi mkavu wa maneno, aliyetaka kuiona tena bunduki ya mumewe. Kwenye benchi shemeji hakumsalimu, naye hakuitafuta salamu yake.

Ofisa akafungua mikanda. Mkoba ulitoa harufu ya ukungu. Bunduki ilitoka na mabaka mekundu kuanzia mtutu hadi kitasa cha kusukumia risasi, na kitasa kilipovutwa kiligoma. Soksi alihisi macho yake yakijaa machozi, akakasirika kwamba yanajaa mbele ya mtu yule.

Shemeji hakungoja kuulizwa. "Mzee, hii ni kazi ya huyu mwanamke. Alinikabidhi ikiwa imeshaoza. Aliipaka chumvi kwa kinyongo, mtaa mzima unajua anavyonichukia."

"Nakuchukia, ndiyo," Soksi alisema. "Chumvi ni yako."

Ofisa akapitisha kitambaa kwenye mtutu, unga wa kutu ukatoka. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa kwa alama. Akausogeza mtutu dirishani. Ilikuwa alama ya mkono, imekaa pale kama mhuri: dole gumba upande mmoja, na upande wa pili vidole, kimoja kikiishia njiani.

Mama mkwe aliitazama, akatazama mkono wa mwanawe.

"Shika," alisema.

"Mama, tuko kwa watu."

"Nimesema shika. Kama ulivyoshika siku ile."

Akashika. Kila kidole kilikwenda kulala mahali pake, na kile cha nusu kikalala kwenye nusu yake. Mama mkwe akageuza uso ukutani.

Lakini haki haiondoi kutu. Ofisa alisema pole, akaibeba bunduki akaiegemeza kwenye kona pamoja na vyuma vingine vilivyohukumiwa. Soksi alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe haukumpa kitu cha kurudi nacho nyumbani. Kabati lingebaki tupu.

Nje ya kituo shemeji alimfuata, sauti imeshuka. "Shemeji, basi. Yaliyopita yamepita. Sote tumepoteza."

Soksi alifungua pochi yake. Zile soksi za marehemu alikuja nazo, akidhani huenda ataruhusiwa kuifuta bunduki japo mara moja. Alizikunjua, zimekwajuka, zinanuka mafuta ya cherehani, akamwekea kwenye ule mkono.

"Hizi ulizisahau," alisema. "Nazo ni za ukoo."

Akamshika mama mkwe mkono, wakaondoka.