Shilingi Mia Yenye Upande Mweupe

Dada yangu mdogo, aliyeolewa Tingi, alikuja kwangu Maguu siku ya Alhamisi bila kupiga simu, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Alinipa shikamoo, akakaa, akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na shilingi mia moja.

"Itazame, kaka. Usiishikeshike."

Upande mmoja ulikuwa wa njano wenye swala, kama shilingi mia zote. Upande wa pili ulikuwa mweupe, laini, hauna sura wala maandishi. Aliiokota akifagia kibanda cha mashine yake ya kumenyea kahawa, chini ya upande wa kulia wa mashine. Mtu mmoja kwenye simu, anayejiita mnunuzi wa sarafu zilizokosewa kiwandani, alimwambia hiyo ni ya mamilioni, lakini kwanza atume ada ya uthibitisho. Kwa ajili ya ada hiyo alikuwa amemtafutia ng'ombe wake mteja kutoka ziwani, ambaye angekuja Jumamosi asubuhi. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlisha tangu afiwe na mume. Hakuwa na mwingine.

Niliomba kimoyomoyo nipewe maneno. Nikinyamaza, ng'ombe anakwenda. Nikisema imechezewa na kumbe ni ya kweli, nimemnyang'anya mjane bahati yake, naye ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye.

Niliipeleka dirishani. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, sarafu ikanasa. Nikajaribu mia nyingine ya mfukoni, nayo ikanasa. Shilingi mia ni chuma kilichovikwa ngozi ya njano, na huvikwa kabla ya kugongwa picha. Kiwanda kikikosea kikaacha kugonga upande mmoja, upande huo hukosa sura lakini hubaki wa njano. Huu ulikuwa umechunwa. Nilipoiinamisha kwenye mwanga niliona mikwaruzo myembamba, yote imeelekea njia moja, na ukingo ulioinuka pembeni ulikuwa umeisha upande huo tu.

"Dada, hii imepigwa tupa," nilimwambia.

"Na nani? Mtu gani mwenye akili zake anakaa chini anapiga tupa shilingi mia?"

Niliigeuza tena ile sarafu. Nilikuwa nimemkumbuka mtu huyo.

"Unaigeuza tu," alisema. "Waliniambia nisikuonyeshe. Walisema kaka yako ataikalia."

"Ni mimi niliyeipiga tupa."

Nikamweleza. Mashine ile ilikuwa yangu kabla sijampa. Mwaka mmoja, katikati ya mavuno, pipa lake lilishuka likawa linakata punje. Kahawa iliyochumwa ilikuwa imeanza kuchacha, na ilikuwa Jumapili alfajiri. Nilihitaji vibati viwili vyembamba vya kuinulia beringi zinazobeba pipa, kulia na kushoto, na nyumbani hapakuwa na kitu ila sarafu mbili za shilingi mia nilizoziweka kwa ajili ya sadaka. Nilizipunguza unene kwa tupa mpaka zikakaa sawa. Kisha nikaenda misani mikono mitupu. Kikapu kilipofika kwangu nilitumbukiza ngumi iliyofungwa, nikaitoa, waumini wakaona nimetoa. Mimi niliyekuwa nikifundisha watoto katekisimu.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Unajisingizia ili nisiuze ng'ombe. Nakujua tangu utoto."

Sikutegemea hilo. Nimeungama jambo hilo kwa padre na kusamehewa, lakini kwa dada yangu halikuaminika.

"Basi ziko mbili," nilisema. "Ya pili iko chini ya beringi ya kushoto. Twende tukafungue."

"Na isipokuwepo?"

"Ukiamua kuuza, utauza."

Nilijutia ahadi hiyo njia nzima. Ya kulia ilidondoka; kwa nini ya kushoto isingedondoka zamani, ikafagiliwa na maganda? Ijumaa asubuhi tulikuwa kibandani kwake Tingi. Nati ilikuwa imeliwa na kutu. Nikaimwagia mafuta ya taa, tukasubiri. Simu yake ikalia; alikuwa yule mteja, akiuliza kama aje na gari.

"Njoo tu, baba," alijibu, macho yakiwa kwangu.

Nati ililegea. Niliinua beringi na chini yake hapakuwa na kitu, ila tope jeusi la maganda yaliyokauka.  Nikachukua kisu nikakwangua tope lile polepole, nikimwita Mungu kwa kila mkwanguo. Kisu kiligonga kitu kigumu. Nilikibandua, nikakifuta kwenye suruali. Swala upande mmoja, weupe upande wa pili.

Alizipokea, akazigeuza zote mbili, akazilaza pamoja kiganjani. Zilikuwa na mikwaruzo ileile. Alikaa juu ya debe, akavuta pumzi, kisha akapiga simu.

"Baba, usihangaike na gari. Ng'ombe hauzwi tena. Hapana, si bei."

Akanirudishia sarafu.

"Zirudishe mahali pake, mavuno yanakaribia. Halafu Jumapili hutasafiri, tunasali wote hapa. Unatoa mia mbili. Nitakutazama kutoka upande wa wanawake, na mkono uwe wazi."

Nilizipanga kulia na kushoto, nikakaza nati, nikazungusha mpini. Pipa halikugusa popote. Namshukuru Mungu.