Senene Ndani ya Gari la Wazungu

Mpaka leo nikinusa petroli iliyochanganyika na ngozi ya viti iliyopigwa jua, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Nisamehe, msomaji, kama umetoka kula.

Enzi za Mwingereza, wazungu walitoka Bukoba mjini na magari yao kuja kwetu Muleba, wapande barabara ya mlimani ili tu watazame ziwa kutoka juu. Ziwa hilohilo tulimochota maji kila siku! Gari likichemka pale chini walikuja kwetu kuomba maji, nami nilikuwa nikilala naota nimepanda.

Siku moja bwana mmoja na mkewe walishukuru kwa maji, wakatuambia twende nao. Tata, baba yangu, akakaa mbele, kifua mbele kama chifu. Mimi na bibi, mama yake, tukabanwa nyuma na memsahibu aliyenukia manukato makali kama dawa ya kunguni.

Shida ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekula senene, wale panzi wa kijani wa msimu. Kwetu mwanamke huwakamata, huwachambua, huwakaanga. Kula ni kwa wanaume. Mimi, mtoto wa kike, niliwaiba chunguni nikawameza harakaharaka. Tata angejua ningechapwa, na mama angesemwa kijiji kizima kwa kulea mwizi.

Kona ya kwanza nikavumilia. Ya pili, mafuta yakanipanda kooni. Ya tatu nikatapika kwenye sketi nyeupe ya memsahibu: uji wa kijani, wa moto, vijiguu vimesimama kama miiba ya samaki, na kibawa kimoja kimemnata kidoleni. Harufu ile! Memsahibu naye akaanza kucheua.

"Kuna nini huko?" Tata akauliza, akianza kugeuka.

"Tazama mbele, mwanangu, usije ukatapika nawe!" bibi akafoka. "Mtoto kashindwa na maharage tu. Pole, waitu, pole," akambembeleza memsahibu kwa neno letu la heshima, huku akizoa yote kwa mikono mitupu, hadi kile kibawa. Akayafunga ndani ya kanga yake mpya, akaitupa bondeni.

Kisha akaninong'oneza, vidole vikinuka ajabu: "Siku nyingine ng'oa miguu. Inakwaruza koo."

Nikadhani ananigombeza. Miaka ikapita; nilikuwa nimeshaolewa, niko jikoni kwangu, mlango nimeufunga, mguu wa senene uliponiparua koo. Nikacheka peke yangu hadi machozi.

Kumbe na bibi!