Uzi Uliovutwa Kutoka Ndani ya Mfereji

Nilitupa chambo mdomoni mwa mfereji, nikangoja kizame, nikaanza kuvuta polepole.

Kikanasa.

Hakuwa samaki. Sangara wa pwani akishika, fimbo ya kuvulia hutetemeka. Hii iliinama tu, nzito, kama nimenasa gunia.

Nikavuta. Juu ya maji ukatokea uzi mwingine, mwembamba, wa kijani, umejisokota kwenye ndoano yangu. Nikadhani ni takataka za mvuvi fulani mvivu. Nikaushika kwa mkono ili niukate.

Upande wa pili, mtu akauvuta.

Nikaganda. Ukavutwa tena. Mara moja ndefu, mara moja fupi, halafu kimya.

Wengine hapo wangeanza kutaja majini na mashetani. Mimi kazi yangu ni kukagua lifti za majengo. Uzi hauna mikono. Kama unavutwa, kuna anayeuvuta. Tatizo ni kwamba ule mfereji ulikuwa unakauka mbele ya macho yangu, na hakuna mwenye akili anayekuwa ndani yake saa kama ile.

Niwaeleze kidogo, maana si wote mnavua.

Mahali tunapovua maji hujaa na kupwa. Kuna mkondo mkubwa, na pembeni yake kuna mifereji myembamba iliyojipinda ndani ya matete. Maji yakijaa, kamba wadogo na vidagaa huingia kwenye mifereji kula. Maji yakipwa, hutoka wote kwa pamoja, kama wafanyakazi wa kiwanda zamu ikiisha. Sangara analijua hilo. Hukaa mdomoni mwa mfereji, pale maji ya tope yanapokutana na maji safi, anangoja chakula kimfuate.

Basi na mimi hukaa hapohapo, juu ya kayaki yangu, kimtumbwi cha mtu mmoja, kando kidogo ya mkondo nisimtishe. Maji yakiwa safi natumia kisamaki cha mpira, cheupe, kidogo kama kidole. Maji yakichafuka nabadilisha, naweka kile chenye kijibati kinachozunguka, kwa sababu samaki asipoona bado husikia mtikisiko. Huo ndio utaalamu wote. Hauna siri, unahitaji utulivu tu.

Shemeji yangu hana utulivu.

Ni mdogo wa mume wangu, fundi wa mapazia, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Tunamwita Rubani kwa sababu popote anapokwenda hutua kwa kishindo. Yeye huvua kwa hisia. Anasema sangara wakubwa hawatoki na maji. Anasema hubaki ndani kabisa, kwenye shimo la mwisho la mfereji, wanangoja maji yarudi. Na chambo chake ni kidude kikubwa chekundu kinachoelea, ambacho mimi nilikibatiza Lipstiki.

Jioni ya kuamkia siku ile tulikuwa mezani kwangu.

"Shem, wewe unavua samaki au unakagua lifti?" akaniuliza, mdomo umejaa wali.

"Mimi narudi na samaki. Wewe unarudi na hadithi."

Mume wangu akacheka. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu. Hapo ningenyamaza, lakini nilikuwa nimenogewa.

"Lipstiki yako ile," nikasema, "sangara akiiona anadhani amealikwa harusini. Anakwenda kwanza kuvaa."

Wakacheka tena. Rubani akatabasamu, akaendelea kula, hakujibu. Mtu wa maneno mengi akikosa jibu, ni jambo la kuliangalia. Sikuliangalia.

Asubuhi tulishusha kayaki zetu pamoja bila kuongea sana. Nikamwambia mimi nitakuwa mdomoni, palepale pa siku zote. Akasema sawa, akapiga kasia, akapotea kwenye matete.

Sasa nimeshika uzi wa kijani, na mwishoni mwake kinaelea chambo chekundu.

Sikupoteza muda kuita. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yangu na kuvuma kuelekea ndani. Mimi angenisikia, lakini sauti yake isingenifikia hata akipasuka koo. Nikaukunja uzi wake mkononi, nikaufuata.

Kwenye kona ya kwanza kasia liligusa tope. Kwenye kona ya pili kayaki ilianza kukwaruza chini. Kuta za matope zilikuwa zimenizidi kimo, laini, zinang'aa, zina vitobo vya kaa.

Baada ya kona ya tatu nikamwona.

Alikuwa amezama mpaka mapajani, miguu yote miwili, chini ya ukingo. Fimbo mkononi. Kayaki yake imelala juu ya tope mbali kidogo na alipo, na kamba yake imeingia ardhini.

"Umechelewa," akasema.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, lakini bado alitaka nicheke.

"Umefikaje hapo?"

"Lipstiki ilinasa kwenye kisiki. Nikashuka kuitoa. Nikaitoa. Mimi ndiyo nikabaki." Akainua fimbo. "Nikaona maji yanakimbilia kwako, nikaiachia ielee. Nilijua wewe hutahama. Wewe ukikaa mahali ni kama jiwe la mpaka."

Ilikuwa akili nzuri sana. Sikumwambia.

"Nivute, shem."

"Ngoja."

Nikasukuma kayaki kwa kasia, ikateleza juu ya tope mpaka karibu yake. Sikushuka. Nikatoa simu kwenye mfuko usioingia maji, nikapiga kikosi cha uokoaji. Akapokea dada mwenye sauti ya taratibu.

"Usishuke kwenye kayaki," akasema. "Usimvute kwa nguvu, utamtegua nyonga na bado hatatoka. Mwambie aegemee kayaki yako, apunguze uzito. Mwagia maji pembeni ya miguu, achezeshe mguu mmoja mmoja."

"Mnafika lini?"

"Boti haiwezi kuingia humo sasa hivi. Tutaingia maji yakirudi."

"Maji hayohayo yatakayomfunika?"

"Hayohayo. Lakini ndiyo yatakayolegeza tope. Yakifika kiunoni, wengi hutoka wenyewe." Akaongeza: "Muulize, kuna kitu kingine kimemshika mguu? Nyavu, waya, mizizi?"

Nikamuuliza.

Rubani akaangalia matete.

"Tope tu."

"Na ile kamba?"

"Nanga. Ya kayaki."

Nikaitikia kwa kichwa. Kusema kweli nilifurahi. Nikajiambia, leo angalau ametia nanga kama mtu mzima. Nikamwambia dada wa simu: tope tu.

Tukaanza kazi. Yeye kifua juu ya pua ya kayaki yangu, mimi nimelala kifudifudi, nachota maji kwa chupa na kuyamimina kando ya paja lake, nachimba kwa vidole. Tope lilikuwa zito kama unga uliokandwa, linanuka yai bovu. Mguu wa kulia ulisogea kidogo, ukasogea tena, ukatoka bila kiatu, ukilia kama kizibo kinachochomoka.

"Kiatu changu!"

"Kisahau kiatu. Mguu wa kushoto."

Mguu wa kushoto haukusogea hata nywele.

Nikachimba mpaka kucha zikauma. Hakuna. Maji ya mfereji yalikuwa yameisha kabisa, limebaki shimo moja la maji, kama beseni, chini ya kisiki, karibu nasi. Pale kwenye beseni mgongo mpana wa samaki ukapita. Halafu mwingine. Sangara, tena wakubwa kuliko wote niliowahi kuwavua.

Rubani akawaona. Akaniona nawaona.

"Unaona?" akasema, meno yanagongana. "Nilikwambia."

"Nyamaza."

"Nilikwambia, shem. Sema tu kwamba nilikwambia."

"Ulisema kweli. Sasa chezesha mguu."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Kisha upepo ukatulia, na povu lililokuwa limelala juu ya beseni likaanza kutembea. Lilikuwa linatembea kuelekea ndani.

Maji yamegeuka.

Hayakuja kwa kelele. Yalikuja kama maji yanayoingia chini ya mlango. Yakajaza nyayo za Rubani kwenye tope, yakaunganisha vidimbwi, yakamfika mapajani. Kayaki yangu ikanyanyuka. Nikamwambia sasa ndiyo wakati, chezesha, taratibu, usivute.

Yakafika kiunoni.

"Vipi?"

"Bado."

Yakafika kifuani. Jaketi lake la kuelea likaanza kupanda, likamfika masikioni.

"Vipi?"

"Bado, shem." Sauti ilikuwa imebadilika. "Linazidi kukaza."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maji yanapoingia, tope hulegea. Halikazi. Kama linakaza, basi si tope. Mtu akiniambia kamba ya lifti inakaza wakati uzito unapungua, sibishani naye, natafuta kitu ambacho hajaniambia.

Nikatazama pande zote. Kayaki yake nayo ilikuwa imeelea. Maji yalikuwa yanaisukuma ndani ya mfereji, na ile kamba imenyooka, inatoa matone. Kayaki ikayumba, kamba ikakaza.

Na bega la Rubani likashuka.

Ikayumba tena. Bega likashuka tena.

Nikamtazama usoni. Alikuwa ananitazama kwa muda sasa.

"Shem," akasema. "Ile si nanga."

"Imefungwa wapi?"

"Mguuni. Niliposhuka niliogopa kayaki isije ikaondoka. Nanga nimeisahau nyumbani." Maji yalimgusa kidevu. "Nadhani imepita chini ya mzizi. Kayaki ikivuta huko, mimi inanishusha huku."

Nikapeleka mkono kwenye kisu.

Kisu kilikuwa kifuani mwangu, kwenye jaketi. Lakini kamba ilikuwa imejificha chini ya maji. Ilitokeza mbele kule, karibu na kayaki yake. Ili niifikie, ilibidi nimwache. Na alikuwa amening'inia kwenye pua ya kayaki yangu kwa mikono yote miwili.

"Achilia."

"Nitazama."

"Shika kasia langu. Lisimamishe kwenye tope, lishikilie. Achilia, Rubani!"

"Nitazama, shem, we unanielewa?"

"Nakuelewa. Achilia."

Akanitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena na mtu yeyote. Kisha akaachilia.

Nikapiga maji kwa viganja, kama mbwa. Kayaki yake ikawa inasogea mbali kila nikiikaribia. Nikajirusha mbele, nikaidaka kamba kwa kiwiko. Ilikuwa imekaza kama chuma. Nikaweka kisu. Pigo la kwanza halikukata, liliparua. La pili likaingia nusu. Nyuma yangu nilisikia maji yakibubujika, sikugeuka, maana kugeuka kusingekata kamba.

Pigo la tatu ikakatika, ikanichapa usoni, kayaki yake ikaenda zake.

Nikageuka.

Kasia lilikuwa limesimama peke yake katikati ya maji.

Nikamwita. Kasia likatikisika. Likainama. Halafu jaketi likaibuka kwanza, kisha kichwa, kisha mdomo umefunguka kabisa, unavuta hewa kwa sauti ambayo bado naisikia nikihema nikipanda ngazi.

Boti ya waokoaji ilitukuta tumekumbatia kayaki moja, tumepakwa tope mpaka kwenye kope. Kwenye kifundo chake kulikuwa na fundo la kamba, limekaza mpaka ngozi imekuwa zambarau. Mwokoaji alilikata bila kuuliza chochote, akamfunga blanketi.

Mimi ndiye niliyeuliza. Tulikuwa kwenye korido ya zahanati, tunangoja dawa. Mume wangu alikuwa dirishani, anahangaika na mtu wa mapokezi.

"Nilikuuliza mapema. Maji yalikuwa hayajarudi. Kukata kamba ingekuwa kazi ya dakika moja. Kwa nini ulisema nanga?"

Akavuta blanketi.

"Ungenicheka."

Nikafungua mdomo nimwambie huo ni upuuzi, mtu yuko kwenye tope anafikiria kuchekwa. Nikaufunga. Nilikuwa nimeshaanza kuisikia sauti yangu mwenyewe: mtu mzima amejifunga mguu kama mbuzi. Mama mkwe ameshika ubavu. Ningeisema siku hiyohiyo, mezani, na ningeisema vizuri.

"Ndiyo," nikasema. "Ningekucheka."

"Basi."

Mume wangu akarudi na dawa. Akatuangalia, akauliza mbona tumenuna. Rubani akamjibu kwamba shem anakataa kukubali kuwa sangara wakubwa hubaki ndani.

"Nimekubali," nikasema.

Nimeandika hii kwa sababu wapo wengi humu kundini wanaojiita watu wa ukweli mtupu, watu wa takwimu, na mimi ni mmoja wao. Hesabu yangu siku ile haikuwa na kosa. Maji hulegeza tope. Dada wa simu hakukosea pia, aliuliza swali lilelile lililotakiwa. Kilichokuwa kibovu ni jibu, na jibu liliharibiwa jioni iliyotangulia, mezani kwangu, watu wakicheka.

Mtu anayeogopa ulimi wako hatakupa habari kamili. Atakupa habari isiyomwaibisha. Na wewe utaipokea, utaipigia hesabu nzuri, na hesabu itamzamisha.

Juzi nimekwenda kukagua lifti iliyokwama. Fundi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, macho chini, mikono nyuma. Zamani ningeanza na "Nani kafanya ujinga huu?" Nikamsalimia, nikaketi kwenye ngazi, nikamwambia anieleze alichogusa, chochote kile, na kwamba sitasema kitu mpaka amalize.

Akaitoa mikono mgongoni. Kisha akaanza kusema.