Mwalimu Aliyefuta Alama

Mwanangu, siku niliyomwahidi mkuu wa shule kwamba alama za kidato cha nne zitarudi, nilikuwa kijana mwenye cheti kipya cha chuo na imani kubwa mno katika mikono yangu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi niliitoa kama mtu anayegawa salamu.

Shule yetu ilikuwa juu ya Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Soko huria lilikuwa limeanza kutuletea kompyuta za mitumba, nasi tulipata moja. Diski yake ilikuwa imegawanywa sehemu mbili: moja ya programu, nyingine ya alama za wanafunzi, zilizopaswa kutumwa serikalini kabla ya mitihani ya taifa. Mwalimu Aminieli, mtu wa Kilimanjaro aliyetufundisha sote kuitumia kompyuta ile, alitaka kuipanua sehemu ya programu iliyokuwa imejaa. Akakosea, akaifuta ile ya alama. Kazi ya miaka ya watoto wale ikatoweka, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Ofisini walimu hawakumfokea. Afadhali wangemfokea. Walimcheka.

"Msimpe dasta huyo," alisema mmoja, "atafuta mpaka ukuta."

Tangu hapo Aminieli akawa anakunywa chai peke yake mwisho wa baraza, ameuelekea Mlima Meru hata siku ambazo ukungu uliuficha wote. Nami nilikuwa mgeni, chumba changu cha kupanga mtaani Elerai kilikuwa na kitanda na redio tu, kwa hiyo niliijua vizuri ladha ya chai ya namna ile. Hata hivyo sikwenda kuketi naye. Nilijiambia kuwa kazi yangu ni kompyuta.

Nilipata programu ya kutafuta mipaka iliyofutwa kati ya sehemu za diski. Ikanionyesha mipaka mingi, kwa maana diski ile ilikuwa imegawanywa zaidi ya mara moja. Nilijua kwamba nikichagua mpaka usio sahihi na kuanza kuandika humo, ningeharibu hata kilichosalia. Nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta nisithubutu kubonyeza kitu.

Ndipo akaingia Mzee Loti, mjumbe wa bodi ya shule, mkulima ambaye watu walizoea kumwita kusuluhisha magomvi ya mashamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umepata?"

Nikamweleza habari ya mipaka.

"Na aliyefuta anasemaje?"

"Sijamwuliza."

Akavuta kiti, akaketi. Wewe unalijua sale, mwanangu, ule mmea tunaoupanda kuonyesha mpaka wa shamba na shamba. "Mtu akiling'oa sale," alisema, "sisi hatumfukuzi kikaoni. Tunampa kiti cha mbele kabisa. Ndiye anayejua lilikuwa wapi. Ninyi mwenye habari mmemtupa barazani, halafu mnaliuliza shamba."

Nikachukua kikombe changu, nikaketi kando ya Aminieli. Hakugeuka.

"Umekuja kuazima dasta?"

"Nimekuja kunywa chai. Halafu nina swali."

Tulipomaliza chai nikamwuliza mpaka ulikuwa wapi. Akaeleza: mwanzo aliigawa diski sawa kwa sawa, likizo iliyofuata akaiongezea sehemu ya alama hadi ikawa theluthi mbili, na alipoona amekosea aliizima kompyuta papo hapo, hakuandika tena kitu.

"Nilitaka kusema siku ile ile," alisema. "Hakuna aliyeuliza."

Tukaingia ofisini, nikauchagua mpaka ule wa theluthi mbili. Majina ya wanafunzi yakatokea, na alama zao kamili. Ofisi ikajaa vicheko vya furaha, nami nikapewa mikono. Aminieli alikuwa amekwisha kurudi barazani. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akaondoka bila kutuaga.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Nilikwenda kuketi naye kwa sababu ya swali, naye alilijua hilo tangu nilipoweka kikombe changu chini. Alama tulizirudisha, mwenzetu tulimpoteza.

Kuteleza si kuanguka, mwanangu, lakini aliyeteleza akiachwa peke yake huanguka kweli. Kitu kikiharibika, mwendee kwanza aliyekiharibu. Huenda anajua njia ya kukitengeneza. Asipoijua, bado ni mwenzako.

Mungu akujalie watu watakaoketi nawe siku utakapokosea. Nami nakuomba hivi: bila shaka yupo mmoja kazini kwenu anayekula peke yake. Kesho kaketi naye, wala usimwulize chochote.