Kadi ya Majaribu

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja, ya kijani, imefunikwa nailoni ili maji yasiiharibu. Maneno yake niliyaandika mimi. Naliungama hilo mapema kwa sababu mwanzoni, kila mtu alipouliza nani aliandika upuuzi huu, nilitazama pembeni.

Watafiti walikuwa wamepanga nyumba katika mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, karibu na barabara inayopanda kwenda Fizi. Walitafuta watu wazima wenye afya, wasio na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI, wakubali kuchomwa chanjo ambayo hakuna aliyejua bado kama inakinga. Ndani ya chanjo hamkuwa na virusi. Haikuweza kumpa mtu ugonjwa. Lakini mtu alipaswa kuelewa hayo kabla ya kutia sahihi, na karatasi zote zilikuwa za Kifaransa. Wakaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeandika riwaya moja na kusoma sura zake mbele ya watu kule Bukavu, na mji mdogo haumsamehei mtu jambo kama hilo.

Niliifanya kazi ile kama mtu anayejenga kanisa. Nilitaka Kiswahili kinachong'aa, Kiswahili kinachoweza kuvuka ziwa hadi Kigoma bila kuona haya. Essai nikaiita majaribio. VIH nikaiita VVU. Faux positif nikaiita matokeo chanya yasiyo ya kweli, kisha nikakaa nikiitazama sentensi hiyo kama tunavyotazama milima ya ng'ambo asubuhi mvua ikishaosha anga.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma uani huku akichambua ndagala, dagaa wa ziwani.

"VVU ni nini? Ni chama?"

"Yaya, ni virusi. Ni Kiswahili sanifu."

"Sanifu ya nani? Hapa iko bantu ba Baraka. Na hii chanya? Ni kuchanja?"

"Ni positif."

"Basi andika positif, mwandishi."

Sikuandika. Yeye akaenda mwenyewe kwa daktari wa watafiti, akamwuliza maswali yake kwa maneno yake asubuhi nzima, akarudi amekubali. Mama alilia kidogo. Dada akakunja mkono wa blauzi, akamwonyesha kovu la chanjo ya utotoni.

"Mama, hata hii, kuko muntu mwenye alichomwaka wa kwanza. Haukumujua. Lakini mi niko muzima."

Mchumba wake, fundi wa mota za mitumbwi kule Mboko, alimsindikiza siku ya sindano ya kwanza na kumshikia begi.

Daktari aliwaonya wote waliojitolea. Kile kipimo cha haraka, cha kuchoma kidole, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi hivyo. Mtu aliyechanjwa anaweza kuonyesha mistari miwili, kama mgonjwa, naye hana virusi hata kimoja. Kwa hiyo kila mmoja alipewa kadi. Ukipimwa mahali pengine, onyesha kadi. Kadi itaeleza.

Kadi itaeleza!

Kanisa letu halifungishi ndoa bila kipimo. Wachumba hupimwa kwenye kituo cha afya, hupewa kila mmoja bahasha yake, nao huzipeleka kwa komite ya ndoa. Mchumba alipata mstari mmoja. Dada alipata miwili. Hakutetemeka, kwa sababu alishaambiwa. Alitia kadi ndani ya bahasha, akailamba, akaifunga, akaipeleka akiimba. Aliiamini kadi yangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Komite ina watu watatu: pasta, mama anayeongoza bamama wa kanisa, ambaye sote humwita Mama Prezida, na katibu, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano. Katibu ndiye aliyesoma: "Mwenye kadi hii yumo katika majaribio ya chanjo ya VVU." Sasa, kwetu neno majaribio halitembei barabarani. Kuna majaribu, yale ambayo kila Jumapili tunaomba Mungu asitutie ndani yake. VVU hakuna aliyeijua. Katibu akatoa kalamu yake nyekundu ya Biki, akakata mwisho wa neno, akaandika u juu yake, na pembeni akaandika kama alivyokuwa akiniandikia zamani: Angalia tahajia.

Hivyo kadi ikasema dada yangu yumo katika majaribu, na bahasha ikasema mistari miwili. Komite ikafumba macho na kumwombea.

Jumapili iliyotangulia, matangazo ya ndoa yao yalikuwa yamesomwa mara ya kwanza. Jumapili hii hayakusomwa. Katibu alitoka kwenye tangazo la usafi wa kanisa akaingia moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya, na benchi zote zikageuka kumtazama dada. Akatazama mbele, shingo imenyooka. Baada ya ibada komite ilimwambia: matangazo ni matatu, na yaliyobaki mawili yanaweza kusomwa pamoja, lakini Jumapili ijayo ikipita kimya, tarehe ya harusi imekufa.

Jumatatu mchumba alifika kwa pikipiki kutoka Mboko, nyusi zake nyeupe kwa vumbi. Hakusalimia. Alinionyesha kadi, ambayo komite ilikuwa imeirudisha na wino wake mwekundu.

"Shemeji, ni we uliandika hii?"

"Ni mimi. Lakini Mwalimu amekosea, neno ni maja..."

"Nilisoma mara tatu. Nikajisikia kama minasikiliza redio ya Tanzania, na betri inaisha."

Dada alicheka. Alikuwa hajalala, alikuwa karibu kupoteza harusi yake, naye alicheka hadi akashika mlango. Mimi sikuona cha kucheka. Nilimkasirikia katibu, nikaikasirikia komite, nikaukasirikia mji mzima usiosoma, na nilikuwa njiani kuyakasirikia mataifa jirani dada aliponipa viatu vyangu. "Tuende kwa daktari."

Daktari alichukua damu nyingine, ikapelekwa Bukavu kwenye maabara inayotafuta virusi vyenyewe. Siku zile nne nilizitumia kuandika kurasa mbili za ufafanuzi. Ijumaa jibu likaja: hakuna virusi. Jumamosi tukakaa mbele ya komite, dada, mchumba na mimi.

"Iko makaratasi mbili," katibu alisema, akiziweka sambamba mezani. "Moja inasema ndiyo, ingine inasema hapana. Tuamini gani?"

Nikasimama na kurasa zangu. Nilifika kwenye neno kingamwili, Mama Prezida akapiga mwayo. Nilifika kwenye matokeo chanya, pasta akatazama saa. Dada akanivuta shati.

"Kaa chini."

Akaegemeza viwiko mezani.

"Kile kipimo cha kidole hakitafute virusi. Kinatafuta baaskari benye mwili unatuma kufukuza virusi. Mi, chanjo ilinipatia baaskari mbele ya mwizi kufika. Kipimo kinaona baaskari ku mulango, kinasema: humu iko mwizi."

"Ee," Mama Prezida alisema, "hapa kwetu, baaskari bakisimama ku mulango wako, majirani bote banauliza uliiba nini."

Hata pasta alicheka.

"Ndio vile, mama. Kipimo kinanisingizia."

Kicheko kikakatika. Kusingiziwa tunakujua sote, hakuhitaji kamusi. Mama Prezida mwenyewe aliwahi kusingiziwa kwamba alimroga jirani, mpaka akahama mtaa na kuacha nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake. Alimgeukia dada.

"Kinakusingizia," alirudia, polepole. "Na hii ya Bukavu?"

"Ile iliingia ndani ya nyumba kutafuta mwizi mwenyewe. Haikumupata."

"Sasa juu ya nini kadi haikusema vile?"

Wote watano wakanigeukia.

Mama Prezida akaamuru niandike hapohapo, kwenye karatasi ya kubandika nyuma ya kadi, kama dada alivyosema, nisiongeze kitu. Nikaandika: Huyu hana SIDA. Alichomwa chanjo yenye bado banaipima. Kipimo cha kidole kinamusingizia. Maneno machache, wala sikuyatunga mimi. Mkono wangu ulikuwa mzito kama wa mtoto anayeadhibiwa.

Katibu akaivuta karatasi. Biki nyekundu ikashuka, ikasimama juu ya kinamusingizia.

"Hapa ni m. Si mu."

"Mwalimu," dada alisema, kwa sauti yake ya darasani, "iache vile."

Mwalimu akaifunika Biki.

Siku iliyofuata alisoma matangazo ya pili na ya tatu kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ya tangazo la usafi wa kanisa. Shingo ya dada ikalegea, na hapo ndipo nikajua jinsi ilivyokuwa imekazwa wiki nzima.

Jumatatu aliamka kwenda kuchomwa sindano yake iliyofuata. Nilikwenda naye, nikibeba rundo lote la karatasi za kutafsiriwa upya. Njiani nilimsomea sentensi moja moja. Alitembea mbele yangu bila kugeuka, na kila nilipomaliza alisema: "Hapana. Tena."