Nilivyokatalia Maziwa ya Posa Sugoi

Tulitoka nyumbani, mtaa wa Huruma mjini, Jumamosi asubuhi kwa sababu dada yangu Jeruto alikuwa anaposwa, na mimi sikuwa nimeulizwa. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza mitumba, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Jeruto. Sasa Kariuki, kijana wa mwenye duka kule Burnt Forest, alikuwa amempenda, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakutana kwa nyanya yetu, Gogo, huko Sugoi, wakubaliane. Watu walinipa habari hii wakicheka, eti nitapata shemeji. Mimi shemeji sikumwagiza.

Kazi niliyopewa ilikuwa kubeba mursik, yale maziwa yetu yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Wazee wakishaelewana, wageni hupewa wanywe, na hapo binti amekwisha kutolewa. Shangazi yetu wa Sugoi alikuwa amepiga simu akasema watu wa Huruma wamezoea maziwa ya pakiti na mursik imewashinda siku nyingi. Mama alichemka. Alitafuta jirani mwenye ng'ombe, akatengeneza mursik yake mwenyewe, akailinda kama mgonjwa, na siku ya safari akanipakatisha kibuyu.

"Cherono, shika hii. Usifungue, usilaze, usipatie mtu mpaka mimi mwenyewe nikuambie. Umeskia?"

"Nimeskia."

Nilikuwa nimesikia kuliko alivyotaka.

Tulipopita Maili Nne, tulikuwa watatu mbele ya pikapu ya Mjomba Kibet: yeye kwenye usukani, mimi katikati na kibuyu mapajani, Mama dirishani akibishana na Shangazi kwenye simu. Nyuma kulikuwa na viti vya plastiki. Malori ya kwenda Uganda yalitupita yakatutikisa mpaka meno.

"Hiyo maziwa inajaa gesi," Mjomba akasema. "Legeza kifuniko kidogo ipumue."

"Mama alisema nisifungue."

"Si Mama yako ndio huyu? Muulize."

Sikupata nafasi ya kuuliza. Kifuniko kiliruka chenyewe, paa! Kikampata Mjomba shingoni, na mursik ya kijivu ikamshukia kwenye kola ya shati jeupe alilonunua kwa ajili ya siku hiyo. Mjomba alisema maneno ya Kikalenjin ambayo sitayaandika. Mama alichungulia ndani ya kibuyu kabla hata ya kumtazama kaka yake, akaona iliyobaki inatosha. Kutoka hapo nilikuwa nikisikia kibuyu kikinguruma nalegeza kifuniko mimi mwenyewe, bila ruhusa ya mtu.

Baada ya kuacha lami, barabara ya Sugoi ilikuwa tope tupu. Pikapu ilizama karibu kabisa na tunakokwenda, paa la Gogo likionekana nyuma ya mahindi. Mama alivua viatu asukume. Akaniambia nitangulie, Shangazi asije akaanza kutangaza kwamba tumeshindwa kufika. Nilipita kando ya shamba nikiwa peke yangu. Niliteleza, nikakaa matopeni kwa makalio, gauni jipya likaisha, lakini kibuyu kilibaki juu. Nilijivunia sana jambo hilo na bado najivunia.

Kwenye geti la Gogo, Shangazi alinipokea kwa mikono iliyonyooshwa, ila haikuwa kwa ajili yangu.

"Woi, mmechelewa! Wazee wamemaliza maneno. Leta hiyo kibuyu."

"Mama alisema nisipatie mtu."

"Sasa mimi ni mtu?"

"Wewe ndio mtu."

Alitaka kunishika sikio, nikamkwepa nikaingia kwenye hema la wageni. Wazee walikuwa wameketi pale, wa kwetu upande huu, wa Burnt Forest upande ule, Kariuki akitokwa jasho karibu na babake, Mzee Njoroge. Baba, ambaye alikuwa ametangulia na Jeruto tangu jana yake, aliniamuru nilete kibuyu. Nilimwambia namngoja Mama. Ikabidi posa nzima isimame. Wazee walizungumza kuhusu mbolea, wakamaliza, wakarudia mbolea.

Mama alifika na tope hadi magotini. "Haya Cherono, sasa wapatie."

Kisingizio changu kilikuwa kimekwisha, na mikono haikufunguka.

"Sitaki."

"Unasema?"

"Sitaki! Nikipeana hii, mnampeana Jeruto!"

Walicheka. Watu wazima, wamevaa makoti, walinicheka mpaka viti vikalia. Kicheko kile sijakisamehe.

Jeruto alitoka jikoni kabla ya kuitwa, jambo ambalo Shangazi analilalamikia hadi leo. Mikono yake ilikuwa na unga. Yeye hakucheka.

"Niangalie. Nani aliniambia niolewe?"

"Hawa."

"Hakuna. Ni mimi nilisema nataka. Hata ukishika hiyo kibuyu mpaka Krismasi, bado nitataka. Kwa hivyo usipeane juu ya vile wamekuambia. Ukipeana, peana kama wewe."

Nililia, na ilikuwa hasira zaidi ya huzuni. Kisha nikasema nitamimina mwenyewe. Shangazi akasema mtoto hamimini. Nikamuuliza ni nani aliyeitoa Huruma.

"Mwacheni," Gogo akasema.

Nilimjazia Mzee Njoroge kikombe. Kwao hawanywi mursik, kwa hiyo alichungulia ndani kwanza.

"Hii rangi ni sawa?"

"Ni makaa. Kunywa."

Alipiga funda moja, machozi yakamtoka, akataka kukiweka chini.

"Maliza," nikamwambia.

"Yote?"

"Dada yangu unamtaka wote ama nusu?"

Mzee alimaliza. Shangazi naye aliomba kikombe, akanywa, akakirudisha kijazwe tena.

Jioni, tulipopanda pikapu kurudi Huruma, nani alikuwa anabanana nami kitini? Jeruto! Hakuna aliyefikiria kunieleza kwamba posa si harusi, na kwamba harusi yenyewe ni mwezi wa Desemba. Nilikuwa nimemwachilia mtu ambaye sasa alikuwa akilalamika kwamba nimemkanyaga. Nilinuna mpaka mjini.

Jumatatu asubuhi, Jeruto aliwasha jiko anipikie uji wa kwenda shule. Nilichojifunza Sugoi ni kwamba kitu ulichopewa ulinde si chako, ila mkono wa kukitoa ni wako, na ni heri uufungue mwenyewe kuliko kungoja Desemba ije kuufungua. Nikamnyang'anya mwiko.

"Napika mwenyewe."

"Utajichoma."

"Nijichome."

Uji ulishika chini, ukawa na madonge. Niliunywa wote. Nikafunga kamba za viatu, nikabeba mkoba, nikageuka kumuaga. Jeruto alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono mitupu, hana la kufanya, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa analia.