Kishada cha Mteja Kilichonitoroka Murera

Mkinicheka, chekeni polepole, maana bado naogopa ukungu.

Mimi ni fundi wa mahema hapa Landless, Thika. Juzi mteja wa Pwani aliniletea kishada kikubwa, kile cha kumvuta mtu juu ya maji, nikishone kilipopasuka. Kabla ya kumrudishia, nikaenda kukijaribu asubuhi yenye ukungu kwenye shamba tupu kule Murera.

Nilivaa mkanda wenye ndoano kubwa ya chuma tumboni, nikafunga kamba nne. Ya tano, ile ya usalama inayokishika kishada kikikushinda, nikaiacha kwanza. Kwenye hema, hiyo hufungwa hema likishasimama. Si mimi ndiye fundi?

Upepo ukanikokota. Nikavuta kifunguo cha dharura, na kishada kikatokomea ukungu­ni na kamba zake zote.

Nikakifuata kwa kusikiliza sauti yake. Mahali fulani kitu kilikuwa kikihema, kinanyamaza, kisha kinajiburuta juu ya mahindi. Nywele zilinisimama, na mimi ndiye niliyekishona!

Nilikikuta juu ya zizi la Mama Njoki, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Yeye na majirani walikuwa wakikikemea kama pepo: "Shindwe!" Kikainuka taratibu, kama kinachosikiliza. Kwa aibu nikaificha ndoano kwa koti, nikajiunga nao, mikono juu, nikipaza sauti kuwapita wote: "Shindwe!"

Koti likafunguka. Mama Njoki akaitazama ndoano, akazitazama kamba, akarudi nyuma.

"Fundi," akauliza polepole, "hii kitu ni yako, ama wewe ndio wake?"